Diski Imegoma Kusoma: Dalili, Chanzo, na Pale pa Kuacha Kujaribu

Mteja akinipigia simu kuhusu diski iliyogoma, yeye anataka bei na mimi nataka sauti. "Inaliaje?" ndilo swali langu la kwanza. Wengi hunyamaza kidogo, kisha nasikia anaichomeka tena ili anisikilizishe. Hapo napaza sauti: "Dada, chomoa! Nimeshasikia."

Sina haraka ya bure. Diski ya kawaida, ile yenye sahani ndani, huzunguka mara 5400 kwa dakika kwenye laptopu nyingi, na mara 7200 kwenye nyingi za mezani. Kichwa kinachosoma hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa upepo wa mzunguko ule ule, na nafasi iliyopo kati yao ni nanomita chache tu, wakati unene wa unywele wa mtu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Punje ya vumbi kwa kichwa kile ni jabali katikati ya barabara. Kikishaumia, kila dakika diski inapoendelea kuzunguka kinalima. Nimepokea diski nyingi ambazo Jumatatu zilikuwa na homa tu, zikanifikia Ijumaa zimeshakata roho, kwa sababu katikati walipita binamu mjuaji, fundi simu wa jirani na video tatu za mtandaoni.

Basi tuanze na dalili, maana ndiyo uliyo nayo mkononi. Chanzo utakifikia kwa kufuata dalili, na kila mahali nitakuambia unachoweza kujaribu mwenyewe na pale unapotakiwa kutoa mkono.

Kimya kabisa, haina hata taa

Anza na vya bei rahisi. Diski ndogo ya nje, ya inchi 2.5, inaishi kwa umeme wa USB peke yake. Tundu la mbele la kompyuta ya mezani, au kigawanyio cha USB ambacho tayari kimebeba panya, kibodi na printa, mara nyingi hakina nguvu ya kuizungusha. Ijaribu kwenye tundu la nyuma, kwa kebo nyingine iliyo fupi, kisha kwenye kompyuta nyingine. "Maiti" nyingi hufufukia hapa, na mimi silipishi mtu kwa kumbadilishia kebo.

Diski kubwa ya inchi 3.5 ina adapta yake ya volti 12. Hapa ndipo nyumba nyingi huingia balaani: chaja ya laptopu inatoa volti 19, na ncha yake wakati mwingine huingia kwenye tundu la diski kama imezaliwa nalo. Harufu ya kuungua inatoka, diski inanyamaza. Usikate tamaa bado. Bodi nyingi za diski zina daiodi mbili za ulinzi, moja kwenye njia ya volti 5 na nyingine kwenye njia ya volti 12, na kazi yake ni kufa kabla ya wengine. Fundi akipima akakuta daiodi imepiga shoti na vingine vyote vizima, anaitoa, diski inawaka, data zinatoka siku hiyo hiyo. Ila diski hiyo haina kinga tena. Inawashwa kwa ajili ya kunakili tu, kisha inastaafu.

Bodi yenyewe ikiwa imeungua, utaambiwa ununue diski nyingine ya modeli hiyo hiyo, ubadilishe bodi, mchezo umekwisha. Miaka ya nyuma ushauri huo ulikuwa wa kweli. Diski za sasa zina chipu ndogo kwenye bodi iliyobeba vipimo vya diski ile moja tu, vilivyopimwa kiwandani baada ya kuunganishwa. Bodi ya diski nyingine haivijui, hata lebo zikifanana mpaka nukta. Itazungusha, itagonga, itazima. Chipu lazima ihamishwe kwa kuchomelewa, au yaliyomo ndani yake yanakiliwe, ndipo bodi mpya ifae kitu.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Upande wa chini wa bodi kuna vituo vya chuma ambapo pini za vichwa na za mota hugusia, na kwenye diski zilizokaa Unguja, Tanga au Mombasa mara nyingi navikuta vimekuwa vyeusi. Bodi imefungwa kwa skrubu za nyota, T5 au T6. Unaifungua bodi, unasugua vituo taratibu kwa kifutio cha penseli, unapitisha spiriti ya isopropili, unaacha ikauke kabisa, unarudisha. Kazi hii haifungui chumba cha sahani, kwa hiyo mwenye mkono mtulivu anaweza kuifanya nyumbani. Gusa kwanza bomba la chuma ili umeme tuli wa mwili wako ushuke huko, na usiifanyie kazi juu ya zulia.

Tahadhari moja kwa wenye diski za nje za Western Digital (WD), hasa familia ya My Passport. Nyingi kati yake tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, na chipu ya bodi hiyo husimba data, yaani huzifunga kwa ufunguo, hata kama hukuwahi kuweka neno la siri. Ukiivunja kava ukitarajia kukuta tundu la SATA, lile la kawaida la diski za ndani, hukuti. Na ukiitupa bodi iliyoungua, umetupa ufunguo pamoja na kufuli.

Inapiga pii, pii, na haizunguki

Mlio huo hautoki kwenye spika. Diski haina spika. Ni mota inayojaribu kuzungusha sahani na kushindwa. Kwa kawaida vichwa vimeganda juu ya sahani badala ya kurudi kwenye maegesho yake, jambo linalotokea sana diski ikianguka ikiwa imewashwa, au beringi ya mota imekwama. Watu huipiga kofi, wengine huizungusha mkononi kwa ghafla ili "ijinasue". Kweli, mara chache hujinasua, na inapojinasua hung'oa kichwa kikabaki kimelala juu ya sahani. Hapa hakuna cha kujaribu nyumbani. Funga, peleka.

Inagonga: tk, tk, tk, kisha inazima

Hii ndiyo sauti inayoniharibia chai ya asubuhi. Diski inapowaka, vichwa hutafuta alama zilizoandikwa kwenye sahani ili vijue viko wapi. Visipoziona, mkono hurudi nyuma na kujigonga kwenye kizuizi, kisha unaanza upya. Chanzo cha kawaida ni kichwa kimoja au zaidi kufa. Inaweza pia kuwa eneo la siri la sahani, pale programu ya ndani ya diski inapokaa, limeshindwa kusomeka. Mara nyingine, na hili watu hawaliamini, ni umeme hafifu tu: diski ndogo kwenye kebo mbovu ya USB inaweza kugonga vile vile kama iliyovunjika vichwa.

Ndiyo maana unaruhusiwa jaribio moja. Kebo nyingine, tundu jingine, sekunde 10. Ikigonga tena, umepata jibu, usiiwashe tena.

Anachofanya mtaalamu ni kuifungua kwenye chumba au kabati lenye hewa iliyochujwa, kuzimulika sahani na kutazama kama kuna duara la mkwaruzo, kutafuta diski mfadhili ya familia ile ile, kisha kuhamisha vichwa kwa vitana maalumu ili visigusane wakati wa safari. Baada ya hapo diski haitumiki kama kawaida hata dakika moja. Inaunganishwa na mashine kama PC-3000 ya kampuni ya ACE Lab, ambayo huisoma sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kimoja kimoja, huamua kichwa kipi kianze, na huruka sehemu ngumu ili kuzirudia mwishoni. Vichwa vya kupandikiza mara nyingi huishi saa chache tu, kwa hiyo fundi mzuri atakuuliza: folda gani ndiyo roho yako? Mjibu ukweli. Picha za mtoto zitangulie, sinema zisubiri.

Kama sahani imekwanguliwa mpaka unga wa rangi ya kijivu umejaa ndani, utando wa sumaku uliobeba data umeshageuka kuwa vumbi. Pale palipokwanguliwa hakuna mashine duniani itakayopasoma.

Kuhusu kuiweka diski kwenye friza: acha. Ukiitoa, unyevu wa hewa unaganda juu ya sahani kama jasho kwenye chupa ya soda, na kwa joto la Dar es Salaam jasho hilo halichelewi. Kuhusu kuifungua mezani "tuone tu": niliwahi kuletewa diski ya ofisi moja ya uhasibu ikiwa na alama ya kidole gumba katikati ya sahani, safi kama ya kitambulisho cha taifa. Kabla ya kidole kile ilikuwa kazi ya kubadilisha vichwa. Baada yake ilikuwa kazi ya kusafisha sahani kwanza, na gharama ikapanda ipasavyo.

Na hapa nitatoka nje ya mada kidogo. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika kikirudi duniani. Miongoni mwa mabaki yaliyookotwa Texas ilikuwa diski ya Seagate yenye matokeo ya jaribio la gesi ya zenoni, imeungua na kuchakaa kama kipande cha mkaa. Kampuni ya Kroll Ontrack ya Minnesota ilisafisha sahani zake, ikazipandisha kwenye mwili mwingine, ikapata asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio yakachapishwa mwaka 2008. Diski ile ilianguka kutoka mbinguni, lakini ilipookotwa hakuna aliyeichomeka "kujaribu kidogo".

Inaonekana, lakini kompyuta inaganda

Folda inafunguka baada ya dakika 5. Kunakili kunaanza vizuri, kunashuka mpaka sifuri, kunakwama. Hizi ni sekta mbovu, na hapa ndipo mwenyewe unaweza kuokoa mengi, au kupoteza yote, kutegemea hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza isiwe chkdsk. Programu hiyo ya Windows kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa mafaili ili diski itumike tena; haijali sana kama mafaili yako yatabaki. Inaandika juu ya diski mgonjwa, na kile isichokielewa inakitupa kwenye folda iitwayo found.000 kikiwa hakina jina. Nimeona rekodi za shule nzima zikiwa vipande vya .chk.

Tazama kwanza hali yake kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski na haiandiki kitu. Mistari minne inatosha. 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa. C5 ni zinazosubiri uamuzi. C6 ni zilizoshindikana. Namba kwenye C5 na C6 zikipanda kila ukitazama, diski inakufa mbele ya macho yako. C7 ni habari tofauti: hayo ni makosa ya njiani, na mara nyingi dawa yake ni kebo ya SATA ya bei ya soda. Kumbuka tu kwamba programu hiyo huandika namba ghafi kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo 10 unayoiona ni 16.

Kisha toa nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kabla ya kugusa faili hata moja. Kuburuta folda kwa kipanya kunailazimisha diski kurukaruka huku na huku, na Windows ikikutana na sekta mbovu inaing'ang'ania. Washa kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, uwe na diski nzima yenye nafasi kubwa kuliko mgonjwa, utambue kila moja kwa ukubwa wake kwa amri ya lsblk, kisha utumie programu ya ddrescue:

sudo ddrescue -n /dev/sdb /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map

Hapa sdb ni mgonjwa, na anatajwa kwanza; /mnt/nakala ni pale ulipoifungua ile diski nzima. Isome amri hiyo mara tatu kabla ya kubonyeza, maana ukikosea mahali pa kutoka na pa kwenda, hakuna msamaha. Mzunguko huu wa kwanza unachukua vilivyo rahisi na kuacha vigumu. Ukiisha, unarudi kwa vilivyobaki:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map

Lile faili la .map ni daftari la kazi. Umeme ukikatika usiku wa manane, nasi tunajua unavyokatika, unarudia amri ile ile na kazi inaendelea pale ilipoishia. Kama kasi imeshuka mpaka kilobaiti chache kwa sekunde, au diski imeanza kugonga, simamisha. Umeshavuka kutoka sehemu hii kwenda ile ya juu yake.

Kuna namna moja ya pekee: diski inazunguka vizuri, haina sauti mbaya, lakini kompyuta inasema ukubwa wake ni 0, au inakwama kwenye kuitambua. Hapo sahani na vichwa huenda ni vizima, na programu ya ndani ndiyo imejifunga. Seagate Barracuda 7200.11 zilijipatia sifa mbaya kwa hilo mwanzoni mwa 2009. Fundi huingia kwa waya wa mawasiliano kwenye pini za bodi na kuifungua kwa amri. Ni kazi ya muda mfupi kwa anayeijua. Kwa asiyeijua ni njia ya haraka ya kufuta orodha ambayo diski haiwezi kuishi bila yake.

Inaomba kufomatiwa

Usikubali. Bonyeza hapana, chomoa, pumua. Mara nyingi data ziko palepale na kilichopotea ni ramani yake tu: umeme ulikatika wakati wa kuandika, flashi ilichomolewa kwa haraka pale kwenye duka la kuchapisha, au sekta mbovu imeangukia mahali ramani inapokaa. Kwa hiyo tazama CrystalDiskInfo kabla ya yote. Kama ni mgonjwa wa sekta, rudi kwenye ddrescue. Kama ni mzima, TestDisk, programu ya bure, inaweza kuonyesha sehemu zilizopotea na kukunakilia mafaili yako kwenye diski nyingine. Nasema nyingine. Kuokoa faili na kulihifadhi pale pale ulipolitoa ni kufukia kisima huku unachota.

Chanzo kimoja cha nyumbani nakikuta hasa msimu wa mpira. Mtu anachomeka diski kwenye king'amuzi ili arekodi mechi, king'amuzi kinauliza swali, mtoto anabonyeza OK. Baadhi ya ving'amuzi hufomati diski kwa mpangilio wao ambao Windows haiusomi. Chomoa kabla mechi haijaanza kurekodiwa na sehemu kubwa itarudi. Dakika 90 za mpira zikishaandikwa juu yake, zilizokuwa chini zimekwenda.

Fomati ya haraka hufuta orodha na kuacha yaliyomo. Ile ndefu, tangu Windows Vista, huandika sifuri diski nzima, na haina marejeo.

Kwa wapiga picha za harusi: kadi ya SD iliyofomatiwa kimakosa ndani ya kamera itolewe papo hapo, na kile kijitufe cha pembeni kishushwe kwenye kufuli ili kisomaji kisiiandikie. Programu ya PhotoRec hurudisha picha kwa kutambua namna zinavyoanza, bila kutegemea ramani. Zitarudi bila majina, f0123456.jpg na ndugu zake, kwenye folda za recup_dir. Video ni ngumu zaidi. Kamera nyingi huziandika vipande vipande, na kipande kisichojua mwenzake aliko hakichezi. Hapo inahitajika programu inayoijua kamera ile, pamoja na video nzima moja kutoka kwenye kamera hiyo hiyo kama kielelezo.

Mafaili yamegeuka shotikati

Hii wala si kazi ya kurejesha data, na anayekutoza kwa bei hiyo anakuibia. Flashi imetoka kuchapishwa kazi mahali, unaifungua, folda zote zimekuwa njia za mkato, au hakuna kitu kabisa. Tazama nafasi iliyotumika. Kama bado inasema GB 14, vitu vyako vimo, virusi vimevificha tu. Usibonyeze shotikati hata moja. Kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi iliyosasishwa, safisha flashi, fungua dirisha la amri, uandike, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri. Folda zinarudi, zote.

SSD iliyopotea bila kuaga

Diski ya sahani hulalamika kabla ya kufa. SSD inalala nzima, inaamka haipo. Ndani yake kuna chipu za kumbukumbu na kidhibiti kinachojua data ipi iko wapi, na kikivurugika, chipu zinabaki zimejaa data ambazo hakuna anayejua mpangilio wake. Zile zenye kidhibiti cha Phison S11, na ni nyingi kwenye soko la bei nafuu, hujitaja kwa jina la SATAFIRM S11 badala ya jina lake la dukani. Ukiliona jina hilo, usikimbilie programu za mtandaoni za kuifufua. Huifufua kweli, ikiwa tupu. Mpelekee mwenye kifaa cha kuzungumza na kidhibiti hicho, data zitangulie kutoka.

Habari mbaya kuliko zote ni ya mafaili yaliyofutwa. Tangu Windows 7, kompyuta ikifuta faili kwenye SSD ya ndani huiambia papo hapo kwamba nafasi ile haina kazi tena, na SSD huisafisha kwa wakati wake. Hiyo ndiyo TRIM. Kwenye diski ya sahani faili lililofutwa wiki iliyopita naweza kulitafuta. Kwenye SSD ya laptopu, la jana tu naweza kukukatalia kabla hujakaa kwenye kiti. Ukifuta kitu cha maana, zima mashine kwa kubonyeza kitufe cha umeme mpaka ife, usifuate utaratibu. Ni bahati nasibu, lakini ndiyo bahati pekee uliyonayo.

Usiitumie SSD kama sanduku la kumbukumbu kabatini. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kinataka SSD ya kompyuta ya kawaida, ikishaandikwa mpaka mwisho wa uhai wake, itunze data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzijoto 30. Stoo yenye paa la bati huvuka 30 kabla ya adhuhuri, na joto likizidi muda huo unapungua. SSD mpya hutunza muda mrefu zaidi. Iliyochoka ndiyo ya kuogopa.

Kuna pia SSD nzima kabisa, kutoka laptopu iliyokufa mazabodi, ambayo ukiichomeka kwingine inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ni BitLocker, kufuli la data la Windows yenyewe. Kompyuta nyingi za Windows 11 hujisimba zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Tafuta barua pepe uliyotumia siku ya kwanza. Mimi bila ufunguo huo sina ujanja, na anayekuambia anao, mwombe akuonyeshe kwanza.

Flashi ya TB 2 ya bei ya chipsi mayai

Kariakoo wanaziuza, Luthuli pale Nairobi wanaziuza, na mtandaoni ndiyo usiseme. Kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya ukubwa. Unaingiza GB 300 za picha, majina yote yanaonekana, lakini zilizoingia baada ya ukubwa wa kweli, ambao huenda ni GB 32, hazifunguki. Hakuna wa kukurejeshea, kwa sababu hazikuwahi kuandikwa popote. Flashi mpya ipime kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia Linux, kabla hujafuta nakala ya asili.

Flashi iliyovunjika shingo ni kazi ya kuchomelea, isipokuwa zile ndogo za kipande kimoja na kadi za microSD, ambazo ndani hazina bodi ya kushika. Hizo zinakwanguliwa utando na kuunganishwa nyaya nyembamba chini ya hadubini, na bei yake huwashangaza watu kwa kitu cha ukubwa wa ukucha.

Mambo mawili ya ofisini, kwa kifupi

Seva ya RAID 5, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, inavumilia diski moja kufa. Ya pili ikifuata wakati wa kujenga upya, kila kitu kinasimama. Usibonyeze kujenga upya mara ya pili. Zima, bandika namba kwenye kila diski kwa mpangilio wa nafasi zake, zipeleke zote, pamoja na ile iliyokufa kwanza.

Mafaili yaliyoongezewa mkia wa ajabu na barua ya kudai dola ni virusi vya kikombozi (ransomware), vinavyofunga mafaili mpaka ulipe. Jamii ya STOP/Djvu ndiyo inayonifikia zaidi, na kwa kawaida imeingia pamoja na programu za wizi. Tazama tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Ina vifunguzi vya bure kwa aina kadhaa. Kama yako haimo, tunza mafaili hayo yalivyo. Vifunguzi vingine hutokea baadaye.

Ukiamua kuipeleka

Ifunge kwa mfuko wa kuzuia umeme tuli kama unao, kisha sponji au taulo pande zote, usafiri nayo mapajani. Buti la basi la Mwanza silo mahali pake. Iliyoingia maji isikaushwe kwa mchele wala jua. Ifunge kwenye mfuko ikiwa bado na unyevu, uharakishe, kwa sababu madoa yanayobaki maji yakikauka ndiyo yanayong'ata sahani.

Muulize fundi maswali machache, usione haya. Utatoa nakala ya diski nzima kwanza? Kama inafunguliwa, inafunguliwa wapi, nikapaone? Nitaona orodha ya mafaili kabla ya kulipa? Nisipopata kitu, nadaiwa nini? Mtu anayejibu "niachie tu, jioni njoo" kwa diski inayogonga, ichukue diski yako uondoke, hata kama mmesalimiana vizuri. Na data zako zina ulinzi wa sheria: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022. Unaweza kudai kwa maandishi kwamba nakala iliyobaki dukani ifutwe.

Siku ya kuchukua, usitazame majina ya folda tu. Fungua mafaili makubwa: video moja mpaka mwisho, kitabu cha Excel, picha kumi kutoka miaka tofauti. Diski ya zamani kaa nayo mpaka umeridhika. Ukija kuiharibu, ujue kwamba sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo. Ukipiga nyundo zinaruka vipande vyembamba kama wembe, kwa hiyo izungushie kanga kuukuu kwanza, na watoto wawe mbali.